Mzee wa propela, Unga Limited: gereji inayosikiliza gari kabla ya kushika spana

Kama una Land Cruiser mkonga, Hilux, Prado ya zamani au gari lolote lenye propela ndefu ya kwenda nyuma, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye tairi, na lina mlio unaokuja na kupotea mpaka mafundi wanakuona unawazulia, lipeleke kwa mzee huyu. Gereji yake iko Arusha, upande wa Unga Limited. Haina bango. Ukishaingia mitaa ile ya gereji ulizia mzee wa propela, hata vijana wa kuuza maji barabarani watakuonyesha uchochoro. Kwenye kutafuta ugonjwa wa gari nampa alama zote. Yako mambo mengine ambayo simpi, nitayasema pia.

Gari langu ni pikapu ya Land Cruiser, HZJ79, injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, dizeli isiyo na tabo. Kazi yake ni vitunguu. Nanunua Mang'ola, napandisha Karatu, nashuka Mto wa Mbu, napeleka soko la Kilombero hapo Arusha. Kwa hiyo linakwenda limeshiba na linarudi tupu, na nusu ya maisha yake ni vumbi. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililotoa jibu, na fundi wa kwanza kuliuliza alikuwa mzee huyu.

Mlio wenyewe ulikuwa wa namna mbili. Wa kwanza, kwi-kwi-kwi mwembamba wa chuma kukauka, unasikika gari likiwa na mwendo mdogo, madirisha wazi. Ukiongeza mwendo unamezwa na upepo na injini. Wa pili ni "ngo!" moja nzito, ukiachia klachi kuanza safari au ukitoka gia ya mbele kwenda rivasi. Kuna wiki ulikuwa hausikiki kabisa. Mvua ikinyesha, kimya. Barabara ikikauka unarudi, tena mkali kuliko ulivyoondoka. Na ukilipeleka gari kwa fundi linanyamaza kama mtoto aliyefikishwa mbele ya daktari.

Gereji nilizopita kabla sitazitaja. Moja ilibadilisha beringi za magurudumu ya mbele, kulia na kushoto, kwa sababu mlio ulisikika kama unatokea chini ya miguu ya abiria. Nyingine ilibadilisha bushi za springi za nyuma. Ya tatu walinipa ushauri wa kuliuza. Kote huko gari lilipandishwa jeki kabla mtu hajakaa ndani yake hata dakika tano. Hilo ndilo ninalolilalamikia, maana beringi walizotoa zilikuwa nzima, nimezishika mwenyewe, na hela yake ilikuwa imeshatoka.

Mzee nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba mama, akavuta daftari la shule na kalamu. Hakwenda kwenye gari. Akaanza kuuliza. Linalia asubuhi likiwa la baridi au likishapata moto? Ukikanyaga mafuta au ukiachia? Ukikata kona upande mmoja unazidi? Ukigusa breki unabadilika? Likiwa na mzigo au tupu? Nilipomwambia tupu, hasa tukiwa tunapandisha mlima wa Mto wa Mbu kurudi nyumbani, alisimamisha kalamu akaniuliza tena kama nina uhakika. Nikamwambia nina uhakika, likiwa na magunia halilii. Akaandika na kupiga mstari chini yake.

Halafu akanitajia bei ya kusikiliza, shilingi elfu arobaini. "Mama, hiyo ni ya kuutafuta. Matengenezo ni hesabu nyingine. Nisipoupata unaondoka na hela yako." Kuna mwenzangu wa sokoni alikuja pale akakataa hiyo elfu arobaini, akasema fundi gani analipwa kwa kukaa kwenye gari. Mimi naona ndiyo hela yenye haki kuliko zote nilizolipia gari hili. Spea utaiuza, utaibadilisha, utaikopa. Sikio la mtu aliyelala chini ya magari tangu ujana wake halina duka.

Safari ya kwanza niliendesha mimi, yeye kakaa pembeni, redio imezimwa, vioo vyote chini. Akanipeleka kwenye barabara yenye ukuta mrefu wa ghala, akaniambia nitembee karibu na ukuta, upande wangu kwanza, kisha tugeuze upande wake. Ukuta unarudisha sauti ya chini ya gari ambayo ukiwa kwenye uwanja inatawanyika. Hapo hapo kwi-kwi-kwi ikaanza, nikashukuru kwamba safari hii gari halikuniaibisha.

Akaniambia nikanyage klachi gari likiwa linatembea, nitoe gia, niliache lijisukume lenyewe. Mlio ukaendelea vile vile. Nikakanyaga mafuta bila gia, injini ikapanda, mlio haukuongezeka. Kwa hiyo unafuata mwendo wa gari, haufuati mizunguko ya injini. Injini, klachi na mlango wa mbele wa gia boksi vikatoka kwenye orodha kwa jaribio moja lisilohitaji spana.

La pili lilinifurahisha zaidi. Alichora mstari wa chaki kwenye tairi la nyuma, akamweka kijana wake atembee pembeni huku mimi naendesha mwendo wa mtu anayetembea. Tairi za 7.50R16 tunazovalisha magari haya zina mzunguko wa karibu mita mbili na nusu, hivyo kwa mwendo huo, kama kilomita 5 kwa saa, mstari wa chaki unarudi chini kila baada ya sekunde mbili hivi. Kijana alikuwa anaita kila chaki ikigusa chini. Mlio ulikuwa unapiga mbio zaidi, mara kadhaa kati ya chaki na chaki. Difu ya gari langu, yale meno yanayogeuza mzunguko wa propela kwenda kwenye tairi, ina uwiano wa 4.1, maana yake propela inazunguka mara nne na kidogo kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Kitu kinacholia mara moja kwa kila chaki kiko upande wa tairi: beringi, diski, habu (kitovu cha gurudumu), ekseli. Kinacholizidi tairi mbio kiko upande wa pili wa meno ya difu: pinioni (gia ndogo ya kuingilia difu), krosi (kiungio kinachoiruhusu propela ikunjike), propela, transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma). Krosi inaweza kulia mara moja au mara mbili kwa mzunguko wa propela, kwa hiyo mzee hakuwa anahesabu kwa kuganda. Alitaka kujua tu kama mlio unatembea na tairi au unaliacha. Uliliacha.

Beringi za mbele zilizobadilishwa zingeweza kuondolewa kwenye kesi kwa kipande kile cha chaki.

Kikabaki kitendawili cha mbele na nyuma, na hapa wenye magari ya foo wili ya kuunganisha kwa mkono tuna bahati kuliko wenye foo wili ya kudumu. Habu zangu za mbele zinafungwa na kufunguliwa kwa mkono, zimeandikwa LOCK na FREE. Zikiwa FREE na lever ya transfa ikiwa H2, yaani tairi za nyuma tu ndizo zinazosukuma, tairi za mbele zinazunguka peke yake, na propela ya mbele, difu ya mbele na ekseli zake zinalala. Ukiziweka LOCK huku lever imebaki H2, tairi ndizo zinazoizungusha propela ya mbele ingawa hakuna nguvu inayopita pale. Tukazunguka barabara ile ile kwa hali zote mbili. Hakuna kilichobadilika. Mlio uliokuwepo habu zikiwa FREE hauwezi kutoka kwenye propela iliyosimama. Tukabaki na nyuma, kuanzia mdomo wa transfa mpaka shingo ya difu.

Mwenye gari ambalo magurudumu manne yanasukuma muda wote hana jaribio hili. Mzee aliniambia hao huwafungulia propela moja kabisa, anafunga difu ya kati (ile iliyo kati ya propela ya mbele na ya nyuma), analiendesha gari taratibu kwa propela iliyobaki, kisha anabadilisha. Akasisitiza jambo ambalo naliandika kwa sababu ni la usalama: propela ikishatolewa, usiitegemee gia kulishika gari kwenye mteremko. Weka magogo kwenye tairi kabla ya kwenda chini yake.

Basi mzigo. Pale uani ana gia boksi zilizokufa, vichwa vya injini, na mifuko ya mchanga. Vijana wakapakia pikapu yangu mpaka springi zikakaa pale zinapokaa nikiwa na vitunguu. Tukarudi ukutani. Kimya. Hata ule wa "ngo" ulipungua. Wakapakua, tukarudi tena, kwi-kwi-kwi. Nilikuwa nalijua hilo mwenyewe kwa miezi, lakini kuliona likifanywa kwa makusudi, mbele ya macho, kulinipa amani ambayo sikuipata kwenye gereji nyingine.

Akanieleza akiwa amechuchumaa, kidole kinaonyesha propela. Krosi ina miguu minne, kila mguu umevaa kikombe, ndani ya kikombe kuna sindano nyembamba za chuma zinazobingirika kwenye grisi. Gari likibeba mzigo mara kwa mara, propela inakaa kwenye pembe moja, sindano zinacheza sehemu ile ile. Grisi ikiisha zinachimba vijifereji kwenye mguu wa krosi. Ukiwa na mzigo zinabaki ndani ya vijifereji vyake, hazina neno. Ukishusha mzigo springi zinainua bodi, pembe inakuwa kali zaidi, sindano zinalazimika kupanda kingo, hapo ndipo zinalia. Maji ya mvua yanalainisha kwa muda, kisha yanaacha kutu, ndiyo maana baada ya mvua mlio ulirudi na hasira.

Bado hakufungua kitu. Alitoa sanduku dogo lenye vibanio sita, kila kimoja kina kipaza sauti chake na waya wake, na kifaa cha kuchagua unamsikiliza nani, na spika za masikioni. Akabana kimoja shingo ya difu, kingine nyuma ya transfa, vingine kwenye fremu, kwenye viungio vya springi, na kimoja kwenye nako, kiungo kinachobeba gurudumu, ya mbele kushoto, kule chini ya miguu ya abiria tulikoambiwa tatizo liko. Waya akazifunga kwa kamba za plastiki mbali na propela na ekzosi. Akanivalisha mimi spika, kijana akaendesha. Kipaza cha mbele kushoto kilileta mlio hafifu, wa mbali. Cha shingo ya difu kilinifanya nivue spika. Fremu ni chuma kirefu, inabeba sauti kutoka nyuma na kuitema mbele, na sikio la mtu aliyekaa mbele linaamini kilicho karibu.

Siku hizi sanduku kama hilo linauzwa mtandaoni, na wapo watakaosema wanunue wajifanyie. Mtu mwenye magari kadhaa, sawa. Lakini mzee alilitoa mwisho, baada ya kujua tayari mlio uko kwenye mita moja ya chuma. Angeanza nalo, angekuwa na sehemu ishirini za kubana na vibanio sita.

Ndipo propela ikafunguliwa. Kabla ya bolti ya kwanza alipiga alama za rangi kwenye flanji (sahani za kuungia) ya difu na ya propela, nyingine kwenye slivu, sehemu inayoteleza, na shafti yake. Ikiwa chini, akaikunja krosi ya upande wa difu kwa mkono. Ilipita vizuri, ikakwama katikati, ikaruka. Akanipa niifanye mwenyewe. Kwenye midomo ya vikombe viwili kulikuwa na unga mwekundu kama wa matofali, hiyo ni kutu ya chuma kinachosagana bila mafuta. Kikombe kimoja hakikuwa na grisi hata ya kupaka kwenye ukucha, na kilichokitazama kilikuwa kimejaa.

Hapa nawaomba wote mnaopeleka magari kupigwa grisi mnisikilize. Nipeli ya krosi, pale pa kupigia grisi, ni moja, vikombe ni vinne. Kijana wa bomba la grisi akiona imetoka upande mmoja anahamia kwenye gari lingine. Mzee anasema pampu polepole mpaka uone grisi mpya inachungulia kwenye sili zote nne, na kama mguu mmoja unakataa, legeza, izungushe propela, jaribu tena. Ukizidi kukataa, krosi hiyo imeshaanza safari ya kufa, ibadilishe kabla haijakukatikia mlimani. Propela ikikatika upande wa mbele na kuchimba ardhini gari likiwa kwenye mwendo, hayo ni mambo ya maiti.

Ule wa "ngo" ulikuwa slivu, ile sehemu yenye meno ambayo propela hurefuka na kufupika gari linapopanda na kushuka kwenye springi. Ilikuwa kavu. Gari likisimama na kuanza, meno yanang'ang'ania kisha yanaachia kwa mkupuo. Aliisafisha kwa dizeli na brashi, akakagua meno kama yameliwa, hayakuwa yameliwa sana, akapaka grisi nyeusi yenye molibdeni. Na kwenye slivu ushauri ni kinyume cha krosi: usishindilie. Grisi ikijaa kule ndani propela haiwezi kufupika sawasawa, na gari likidunda msukumo unakwenda kwenye transfa na pinioni.

Katika kuitazama slivu akauliza nani aliyewahi kuifungua. Masikio ya propela yanayoshika krosi, ya ncha ya mbele na ya ncha ya nyuma, yanatakiwa yatazamane kwenye mstari mmoja, na yangu yalikuwa yamepishana, mtu aliichomoa akairudisha bila alama. Krosi mbili zilizopangwa sawa hufutiana mtikisiko wa pembe. Zikipishana zinaongezeana. Hiyo ndiyo iliyokuwa inatetemesha sakafu nikifika kilomita 70 kwenye lami ya Makuyuni.

Spea hauzi, na hilo nimelipenda. Alipima kikombe cha zamani kwa vernia, kipenyo na urefu wa krosi kutoka ncha hadi ncha, akaandika kwenye karatasi, akamtuma kijana tuende naye dukani. Tulirudi na krosi ya chapa ya GMB. Ile ya kwanza ya bei nafuu tuliyoonyeshwa kijana aliirudisha pale pale kaunta kwa sababu sindano zilikuwa zinadondoka na klipu, ile ya kushikilia kikombe, haikukaa kwenye mfereji wake. Kuhusu klipu, mzee ana kopo zima la klipu za unene tofauti. Krosi ikishaingia anachagua zinazobana bila kuikaza, unene sawa pande zote mbili, mpaka inakunjika kwa mkono bila kuchezacheza. Nilizoea kuona mafundi wakigonga kwa nyundo, wanafunga klipu iliyokuja kwenye boksi, basi.

Krosi ilinigharimu elfu hamsini na tano, ufundi elfu hamsini, pamoja na kusafisha slivu. Ukijumlisha na ile ya kusikiliza haifiki bei ya beringi za mbele nilizobadilishiwa bila sababu kule kwingine. Nimebeba vitunguu msimu mzima tangu hapo, napanda mlima wa Mto wa Mbu tupu, vioo wazi, nasikia tairi tu.

Sasa yale ya kupunguza alama. Anashika gari moja moja. Ukifika saa nne ukakuta watu wawili mbele yako, siku hiyo imekwenda, na simu hapokei akiwa kazini. Hakuna mahali pa mama kukaa zaidi ya tairi chakavu kwenye kivuli cha mwembe, na choo ni cha jirani. Magari mapya yenye foo wili ya kubonyeza kitufe anayasikiliza vizuri lakini yakihitaji kompyuta anakuelekeza kwa mwingine, anasema wazi kwamba hiyo si kazi yake. Na ni mkali. Kuna kaka alimwambia, "Mzee, badilisha tu krosi zote tumalize," akamrudishia ufunguo akamwambia aende kwa anayebadilisha tu. Mimi nilikubaliana na mzee, ila najua si kila mtu atavumilia kuambiwa hivyo.

Anafungua Jumatatu hadi Jumamosi, na mwenye gari akifika alfajiri ndiye anayeingia wa kwanza. Usilioshe gari chini kabla ya kwenda, maji yatanyamazisha krosi kavu na yatauosha ule unga mwekundu. Usipige grisi ya kubahatisha njiani. Na ulipeleke likiwa katika hali ile ile linayolia: kama ni tupu nenda tupu, kama ni kwa mzigo nenda na magunia yako juu.